Mwisho Husomewa Kwenye Benchi

Vitabu vyote nilivyowahi kumaliza nimevimalizia kwenye benchi moja, nje ya fremu ya fundi cherehani, Lushoto mjini, njia ya kushukia sokoni. Benchi lenyewe lilikuwa la mbao za msitu wa Shume, mguu mmoja mfupi, ukijisahau ukaegemea kushoto linakumwaga. Mtu mwenye akili zake angemalizia kitabu kitandani, au jikoni karibu na moto, maana baridi yetu mnaijua. Sisi hatukuruhusiwa. Fundi alikuwa na sheria yake, na ukiivunja hupati kitabu kingine wala suruali yako.

Sheria ni hii. Kabla hajakuazima kitabu, alishika kurasa zote za sura ya mwisho kwa pamoja, akazipitishia uzi mwekundu kwa mkono, ule mshono mrefu mrefu wa kushikizia nguo kabla haijapita mashineni. Unasoma weee, kitabu kimekolea, unafika kwenye uzi, basi. Lazima urudi kwake. Unakaa benchini, unaeleza mbele ya wateja wote unadhani kitaishaje na kwa nini. Akiridhika kwamba umefikiri, anachukua wembe, anafumua, anakurudishia, unamalizia hapo hapo huku yeye ameacha mashine anakutazama usoni. Hasemi kitu. Anatazama tu, mikono imelala juu ya kitambaa cha mtu aliyeahidiwa nguo yake juzi.

Fundi huyo leo haoni. Macho yalimzimika taratibu, na yalipozimika akakataa kabisa habari ya vitabu, visomwe na nani, kwa mdomo au kwa simu. Mimi na wenzangu wawili tuliozoea kusoma vitabu vyake tulihangaika kumrudisha, na nitaeleza tulifikia wapi. Lakini siwezi kuanzia hapo. Nikianzia hapo mtamwonea huruma, na yeye huruma alikuwa anaikataa hata kwenye bei ya vifungo.

Alizaliwa wapi, nani alikuwa baba yake, alifikaje mjini, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimkuta ameshakaa nyuma ya cherehani, mtandio kichwani, sweta la kahawia mabegani, futi ya kupimia shingoni, na kitabu kimelazwa wazi pale ambapo mafundi wengine huweka mkasi.

Mimi ni dereva wa fuso. Napakia kabichi, karoti na viazi, na msimu ukifika matenga ya plamu na peasi, nashuka kona za Soni mpaka Mombo, naingia barabara kuu. Kazi ya dereva wa mboga nusu yake ni kusubiri. Unaambiwa mzigo uko tayari, unafika, karoti bado ziko shambani hazijang'olewa. Siku moja nilikaa kwenye benchi lake kusubiri, nikawa napiga miayo. Akaniambia bila kuinua kichwa:

"Benchi hili si la kupigia miayo, mgosi."

Mgosi ndivyo wanaume wa milima hii wanavyoitana, mimi wala si wa huku, lakini yeye alimwita mgosi mwanamume yeyote aliyemkera. Akanitupia kitabu mapajani. Nikamwambia mimi na vitabu tuliachana darasa la saba. Akasema, "Basi mmeachana vibaya, rudianeni." Nikafungua kwa kumridhisha mtu mzima. Wapakizi walipokuja kuniita mzigo tayari, niliwaambia wasubiri. Hawajawahi kunisamehe.

Vitabu vyake havikuwa na majina. Vilikuwa nayo, ila yeye alivivalisha vyote magamba ya vipande vya nguo vilivyobaki baada ya kukata, na magamba hayo hayakuandikwa kitu. Kwa hiyo tuliviita kwa nguo zake. Kulikuwa na Kaki, kilichoshonewa mabaki ya kaptula za shule. Kulikuwa na Joho, kilichotokana na majoho ya kwaya ya Gare. Kulikuwa na Kuku, cha kitenge chenye kuku, kitabu kizuri kupita vyote kwa maoni yangu, na atakayebisha aje tubishane. Ungepita pale Jumamosi ungesikia watu wazima wanaulizana, "Kuku umemaliza?" "Nimemaliza, sikula siku hiyo." "Kaki je?" "Kaki mwanzoni inachosha, vumilia mpaka yule mwanamke aibe ng'ombe wake mwenyewe." Wageni walituona tumechanganyikiwa.

Wasomaji tulikuwa wengi, wanaokuja na kupotea, ila wa kudumu tulikuwa watatu. Mimi. Sista mmoja wa Gare, aliyeanza kuja kwa ajili ya majoho ya kwaya akanasa. Na Afisa, bwana mmoja wa misitu aliyekuwa kazini Shume, mtu wa Tanga, mpole, anayeogopa baridi kuliko simba.

Sista alikuwa na tatizo moja. Kila kitabu alichofikisha kwenye uzi alitabiri kwamba mwovu atatubu. Fundi alimwambia, "Sista, huyu ameua watu na amechoma ghala." Sista akajibu, "Bado ana sura moja nzima." Alikosea miaka na miaka. Siku kitabu kimoja kilipomtubisha jambazi wake, Sista alisimama benchini akapiga kigelegele, benchi likamwaga mteja aliyekuwa amekaa upande wa pili. Fundi alimtazama kwa raha ambayo sikuwahi kumwona nayo hata siku za sikukuu.

Afisa naye alituonyesha kitu ambacho sikukielewa mara moja. Alipelekwa kozi Tanga, akaondoka na Joho mkobani uzi haujafumuliwa. Kule akafika kwenye uzi. Akampigia Fundi simu kumwomba ruhusa ya kufumua mwenyewe. Fundi akamwambia, "Mshono wangu haufumuliwi na mtu mwingine. Na basi la kuja huku si lipo?" Tukacheka, tukajua atachukua tu wembe, nani atamwona? Jumamosi tukamkuta benchini, amejikunyata, kashuka kwenye basi na shati la mikono mifupi la joto la Tanga, ukungu umetanda mpaka mlangoni. Akaeleza utabiri wake, akafumuliwa, akasoma, akafuta macho, akapanda basi la kurudi. Kabla hajaondoka nilimuuliza kwa nini alijitesa hivyo wakati hata Tanga nyembe zinauzwa. Akaniambia, "Nifumue kule, halafu nimwambie nani?"

Sasa nisimpake mafuta mwanamke huyu akang'aa mpaka msimtambue. Kwenye kazi yake ya ushonaji alikuwa mwongo, na uongo wake ulikuwa wa kila siku. Mafundi wote wa nguo hudanganya tarehe, hilo tunalijua, tumelizoea, tunalipangia. Lakini yeye alikuwa na uongo wa aina mbalimbali. "Nguo yako iko mashineni" maana yake kitambaa hakijakatwa. "Imebaki vifungo tu" maana yake kimekatwa. "Njoo kesho asubuhi" maana yake kitambaa chako kimekuwa gamba la kitabu, jiandae. Ukikasirika anakwambia haraka haraka haina baraka. Ukimkumbusha kwamba ahadi ni deni, anakwambia kaa benchini upoe, na anakupa kitabu. Nusu ya wasomaji wake waliingia kwa njia hiyo, kwa hasira ya nguo. Sare za shule za Januari alizimaliza mwezi wa pili, na kuna bibi harusi aliyeolewa na gauni lenye pindo la kushikizwa tu, uzi mwekundu ukionekana kwenye picha zote. Bibi harusi huyo baadaye alikuja kuazima Kuku.

Na kuna jambo jingine. Siku moja mvua ilinifukuza sokoni nikaingia kwa Fundi bila hodi. Kwenye meza kulikuwa na kitabu kipya, hakijavalishwa nguo. Alikuwa anakisoma, na kilikuwa kimefunguka mwishoni kabisa, kurasa karibu zote ziko mkono wa kushoto. Nikasema, "Ala, umeshakimaliza?" Akakifunga haraka. Huyu mwanamke hakuwa na aibu ya nguo zilizochelewa, lakini pale aliona aibu.

"Sijakianza," akasema.

Kumbe yeye kila kitabu alianza na mwisho. Miaka yote. Aliyetuziba macho sisi kwa uzi, yeye alikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma. Nilimsema siku hiyo mpaka mvua ikakatika. Akanisikiliza, kisha akanieleza kwa sauti ya chini kwamba yeye ana moyo mdogo, hawezi kutembea na watu kurasa mia tatu bila kujua kama watafika salama. "Nyie mna mioyo ya fuso," akasema. "Mimi nikijua mwisho ndiyo nasoma kwa amani. Halafu lazima nijue kama mwisho wenyewe unastahili uzi." Hapo nikakumbuka kwamba vitabu vingine alituazima bila kuvishona. Hatukuwahi kuuliza kwa nini. Jibu ni kwamba mwisho wake ulikuwa mbovu, hakuona sababu ya kuharibu uzi.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa vitabu vya kusikiliza. Mimi ndiye niliyeuleta. Dereva mwenzangu alinipa flashi yenye kitabu kizima kimesomwa na mtu, sura baada ya sura, na nilikichomeka kwenye redio ya gari nikashuka nacho mlima. Jamani. Kona zile nimezipita maisha yangu yote lakini siku ile sikuzisikia. Nilikuwa na kabichi za kushusha Mazinde. Nilifika Mombo, nikakata kulia vizuri, na kwenye kitabu yule mzee alikuwa ndiyo anaingia kortini na mbuzi wake. Nilipozinduka Mazinde ilikuwa nyuma yangu zamani, naelekea Same, na hakimu bado hajasema neno. Mwenye kabichi alinipigia simu akanitukana matusi mapya kabisa. Nikamwomba anisubiri, nikaegesha pembeni, nikasubiri hukumu ya mbuzi.

Niliporudi Lushoto nilimsimulia Fundi habari hiyo kwa furaha zote, nikidhani atafurahi. Akavuta mdomo.

"Hicho umetafuniwa," akasema. "Mtoto mchanga ndiye anayetafuniwa."

"Fundi, kwenye usukani nishike kitabu? Nitumbukie korongoni na kabichi?"

"Basi subiri ufike. Na kitabu hicho cha hewani mimi nitakishona wapi?"

Hilo ndilo lililomuuma. Hakikuwa na ukurasa wa kupitisha sindano. Alisema pia kwamba ukisikiliza humsikii aliyeandika, unamsikia aliyesoma. Nikamwambia na yeye akisoma anajisikia mwenyewe. Sista akasema yeye tangu utotoni Maandiko ameyasikiliza kanisani na yamemwingia. Afisa akajaribu kusuluhisha, akasema kila mtu na kiungo chake. Tulibishana mpaka duka la jirani likafungwa. Fundi akafunga mjadala: "Siku mtakayoniona mimi nasikiliza kitabu, mjue nimekufa, hiyo ni redio ya majirani."

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi.

Macho yalianza kumsaliti nasi tukamsaidia kuyaficha bila kujua. Alianza kumwomba yeyote aliyekaa benchini amtungie uzi kwenye sindano, akasema ni uvivu. Mashati yakatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Watu walilalamika lakini walishazoea kulalamika pale. Halafu Afisa akaazima kitabu, akapanda nacho Shume, na kesho yake akashuka amekishika mkononi anacheka. Sura iliyoshonwa ilikuwa ya kwanza. Mwisho ulikuwa wazi kabisa, mwanzo umefungwa kwa uzi mwekundu, mshono safi, kila hatua sawa.

"Fundi," akasema Afisa, "mimi leo natabiri mwanzo."

Tulicheka sote, Sista mpaka akashika mbavu. Fundi naye alicheka. Alikichukua kile kitabu, akakisogeza usoni mpaka kikagusa pua, akakigeuza, akakigeuza tena. Aliendelea kukigeuza baada ya kicheko chetu kwisha, na hapo ndipo tuliponyamaza.

Hospitali walimwambia ni presha ya macho, imechelewa kugunduliwa, kilichopotea hakirudi. Walijitahidi kulinda kilichobaki, lakini hakikubaki kwa muda mrefu. Fremu akaichukua binti wa dada yake, fundi mzuri anayemaliza nguo kwa wakati, na ndiyo maana pale siku hizi hakuna watu. Fundi mwenyewe akarudi kwake, nyumba ndogo ya matofali juu ya Gare. Vitabu alivifunga kwenye magunia, akaagiza Sista agawe shuleni. Sista aliyachukua magunia akayaficha stoo ya majoho. Mungu atamsamehe.

Tulimtembelea. Alitupokea vizuri, chai ya tangawizi, viazi vya kuchemsha, habari za nyumbani, mvua, bei ya karoti. Ukigusa vitabu tu anauliza kama chai imepoa. Sista siku moja akajipa moyo akamwambia, "Fundi, wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo."

"Aliyesema hivyo alikuwa anaona," Fundi akajibu.

Mimi nikamwambia twende taratibu, nitamsomea Kuku, ukurasa mmoja tu. Akasema Kuku anakijua. Nikamwambia nitamletea flashi. Akaniambia kwa utulivu nisimletee. Kusomewa ni kwa mtu ambaye bado ana vitabu, akasema, na yeye amemaliza vyake. Akaomba tusije tena kwa habari hiyo, na ikiwezekana tupunguze kuja. Nilishuka ule mlima nimekasirika hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilimkasirikia yeye. Nilikuwa nimempoteza mtu aliye hai, yuko pale juu anamenya viazi.

Wazo la kumrekodia lilitoka kwa Afisa. Alinunua Tanga kitabu kipya ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekisoma, wala Fundi hakuwahi kukigusa. Kinamhusu mjane anayeuza shamba kwenda kumtafuta kaka yake, na kadiri anavyomkaribia ndivyo inavyodhihirika kwamba kaka mwenyewe hataki kutafutwa. Tukakigawana sura. Mimi nilirekodi zangu ndani ya fuso nikisubiri mzigo, kwa hiyo ndani yake kuna wapakizi wanagombana na mvua inapiga bati la soko. Sista alisoma za kwake stoo, katikati ya majoho, na kila mjane anapolia Sista naye anasimama kidogo kupumua. Afisa alisoma kama anasoma taarifa ya miche iliyokufa. Hatukuwa wasomaji wa kulipwa na mtu. Sura ya mwisho tukakubaliana kutoirekodi.

Sista ndiye aliyepanda nayo. Hakuomba ruhusa. Aliweka simu na kispika chake dirishani kwa Fundi, akawasha sura ya kwanza, sauti yangu, kisha akasema anakwenda kumsalimia jirani. Aliporudi sura ilikuwa imeisha na nyingine inaendelea. Fundi alikuwa amekaa pale pale, bakuli la maharage mapajani, hajapukuchua hata ganda moja.

"Nimeshindwa kukizima," akasema. "Sikijui kitufe chake."

Wiki iliyofuata alimuuliza Sista kama kile kidude kimeharibika, maana kinafukuza panya, wakisikia watu wanaongea hawaingii. Sista akawasha kwa ajili ya panya. Siku nyingine akasema Dereva anasoma kama anapiga honi, na Afisa aambiwe mjane si mche. Ilipofika sura ya kabla ya mwisho, pale mjane amefika mlangoni kwa kaka yake na ameinua mkono kubisha, simu ikanyamaza. Fundi akauliza inayofuata iko wapi. Sista akasema hiyo hana. Fundi akauliza nani anayo.

"Dereva."

"Mwambie aje."

Nilianzia kwenye fremu. Benchi letu lilikuwa bado nje, binti analiwekea ndoo. Nilimwomba, akanipa, akashangaa nalitakia nini. Nililipandisha juu ya magunia ya karoti, na pale gari lisipopita nikalibeba kichwani, njia ya kupanda yenye utelezi, watoto wa Gare wananisalimia shikamoo huku wanajizuia kucheka. Nikalitua barazani kwake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umetua nini hapo?"

"Kaa uone."

Neno lilinitoka, nikalijutia. Yeye hakulijali. Alipapasa ubao, akapapasa pembe, akafika kwenye ule mguu mfupi. Kisha akakaa upande wa kulia, pale ambapo benchi halimwagi mtu. Nilikaa katikati. Sista alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni anajifanya anafagia.

"Haya, washa ya mwisho," Fundi akasema. "Ningekuwa na macho ningeianza hiyo hiyo, unanijua. Mmenitembeza na huyu mwanamke njia nzima gizani, moyo umeniuma usiku kucha. Washa."

"Haijarekodiwa."

Nikamwekea kitabu mkononi. Nilikuwa nimekivalisha nguo, kipande cha turubai la fuso, maana sina kingine. Vidole vyake vikazunguka gamba, vikaingia ndani, vikapita kurasa mpaka vikakutana na mshono. Nilikuwa nimeshona sura ya mwisho kwa sindano ya magunia. Mashimo yake panya angepita.

"Nani kafanya ushenzi huu?"

"Mimi."

"Uzi gani?"

"Mwekundu."

Akaupitia ule mshono wangu mbovu kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, kisha tena. Sista aliacha kufagia.

"Unajua sheria," nikamwambia. "Kitaishaje, na kwa nini?"

Alichukua muda wake. Mtu huyu aliyetusubirisha kwa nguo miaka yote alitusubirisha na hapo.

"Nilikuwa nasema habishi," akaanza. "Nilikuwa nasema anashusha mkono, anageuka, anarudi alikotoka. Kwa sababu kaka alishasema hataki watu. Mtu akisema hataki watu unamwacha." Akaugusa mshono tena. "Lakini mwanamke mwenyewe ni mkaidi. Ameuza shamba. Amepanda milima. Huyo anabisha. Na yule wa ndani, mimi namjua yule wa ndani. Anakaa kimya anajifanya hayupo. Anasubiri abishiwe mara ya pili. Akibishiwa mara ya pili, anafungua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu amechoka kukaa na viazi," akasema, na sauti ikamkatika, kisha akacheka. Sista alikuwa analia waziwazi, ufagio umeshikwa kifuani.

Nikatoa wembe mfukoni. Fundi akanyoosha kiganja, nikampa. Sikuogopa. Alitafuta fundo langu kwa kidole gumba, akalitia makali mara moja, akauvuta uzi wote ukatoka mzima, akauzungusha kidoleni kama alivyozoea na kuutia mfuko wa sweta. Akanirudishia kitabu.

"Soma. Na usipige honi."

Nikasoma. Kama mjane alibisha, kama kaka alifungua, kama Fundi alipatia au alikosea, sitasema hapa. Benchi lipo barazani kwake juu ya Gare, kitabu tumekiita Turubai, nimeshakishona upya, na anayetaka kujua afike kwenye uzi kama sisi.

Nitasema hili tu. Sura ile nilikuwa nimeshaisoma, naijua, kwa hiyo nikawa naweza kuinua macho. Nilisoma mistari kadhaa nikamtazama, nikasoma tena nikamtazama. Uso wake ulikuwa unakwenda na yule mwanamke mlangoni, nyusi zinapanda, mdomo unataka kusema jambo unaahirisha, mkono umeshika ukingo wa benchi. Huko chini karoti zangu zilikuwa juani na mwenye mzigo anapiga simu, inatetemeka mfukoni naiacha. Ndipo nikaelewa kwa nini nguo zetu zilikuwa zinachelewa.